Picha ya Tumbo la Malkia

Kazi yangu ni kupiga picha matumbo ya wadudu. Cheka umalize, nitasubiri. Wote hucheka. Mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe na mwanawe nilikuwa sijaliona jino lake hata moja, siku nilipomweleza kazi yangu alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa, kisha akamuuliza mume wangu mbele yangu kama serikali inajua.

Inajua. Mshahara wangu unatoka huko huko. Chini kabisa ya jengo la taasisi yetu, kwenye chumba kisicho na dirisha, kuna mashine ya eksirei yenye ukubwa wa friji mbili zilizolazwa, na mwenye funguo ni mimi. Wataalamu wa ghorofa za juu huniletea wadudu wao ndani ya vichupa vya spiriti: mbawakavu, nyigu, viwavi, mchwa. Nawalowesha kwenye ayodini siku kadhaa ili nyama zao laini zipate kuonekana, nawachomeka kwenye kijibomba cha plastiki na pamba kidogo wasitikisike, nafunga mlango, nabonyeza. Mdudu anazungushwa polepole, mashine inampiga picha elfu na ushee kutoka kila upande, halafu kompyuta inazipanga picha zile mpaka mdudu anasimama kwenye skrini mzima mzima, unaweza kumgeuza utakavyo. Hapo namkata slesi kama mkate, bila kisu. Utumbo huu hapa, ubongo huu hapa, mayai haya hapa. Nikimaliza namrudisha kwenye kichupa chake akiwa hajapungua hata unywele.

Wateja wangu hawalalamiki, hawachelewi, hawaulizi foleni itaisha lini. Ni maiti wote. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo jambo lenyewe: miaka kumi na miwili sikuwahi kuweka ndani ya mashine ile kitu chenye uhai. Na nina kiburi cha kazi, sikatai. Picha yenye ukungu haitoki mikononi mwangu. Kazini wananiita Bi Ngoja, maana mtu akisema hii inatosha, mimi nasema ngoja.

Sasa mjomba. Mjomba wangu ni seremala mstaafu. Yeye na mkewe ndio walionilea tangu mama yangu alipofariki, nikiwa darasa la pili. Mjomba alitengeneza mizinga, mkewe akafuga nyuki. Mjomba mwenyewe aliwaogopa nyuki kuliko nyoka. Mtaa mzima ulimwita mkewe Mama Nyuki. Alipofariki, miaka minne iliyopita, tulidhani mjomba ataigawa ile mizinga sita kwa majirani. Wapi. Alivaa koti la kazi la marehemu, lililombana mabegani, akavaa na kofia yake ya wavu, akaingia. Aliumwa mpaka macho yakaziba, lakini alijifunza. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa hivyo, alisema, "Hawa ni wake."

Na kweli walikuwa wake, kwa namna fulani. Nyuki kibarua haishi zaidi ya wiki chache, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyebaki wa wakati ule. Lakini malkia alizaliwa na malkia, aliyezaliwa na malkia ambaye Mama Nyuki alimkamata kwa mkono wake mwenyewe kwenye mti wa shule, mbele ya watoto waliokuwa wanapiga mayowe. Uzao ule haukukatika. Kwa mjomba hiyo ilitosha.

Mwaka jana shamba kubwa la jirani lilipuliziwa dawa, na ndani ya wiki moja mizinga mitano ikawa makaburi. Ukabaki mmoja. Halafu mwaka huu, wakati wa kiangazi, malkia wa mzinga ule akafa kwa uzee. Nyuki wakalea binti yake, binti akatoka, akaruka kwenda kutafuta madume, akarudi. Zikapita siku kumi, wiki mbili, wiki tatu. Hakuna yai hata moja.

"Sijui kama alipata madume," mjomba aliniambia kwenye simu. "Nyuki wa huku wamekwisha. Huenda alizunguka hewani peke yake, akarudi mtupu."

Malkia wa nyuki huenda fungate mara moja tu maishani, huko huko hewani, na madume kadhaa kwa mpigo. Usinishangae mimi, ndivyo walivyoumbwa. Mbegu anazozipata anazihifadhi ndani ya kifuko tumboni mwake, kidogo kama kichwa cha pini, na hizo ndizo atakazotumia mpaka afe. Kifuko kikiwa kimejaa, mzinga una miaka mbele yake. Kikiwa kitupu, basi tena.

"Jirani wa bondeni anasemaje?" nikamuuliza. Huyo ni mfugaji mwenzake, ana mizinga minne iliyonusurika.

"Anasema nisubiri. Mvua ikinyesha, maua yakitoka, atataga tu. Lakini nikisubiri bure, mwanangu, vibarua hawa watazeeka wote na hakuna watoto wa kuwarithi. Nisubiri au nisisubiri? Hilo tu ndilo ninalotaka kujua."

Mdomo uliponza kichwa. Ningeweza kumwambia msikilize jirani yako. Ningeweza kumwambia pole, mjomba, tuombe mvua. Lakini mtu aliyenifunga kamba za viatu kila asubuhi ananiuliza kitu kimoja, na mimi nina mashine chini ya jengo inayoona kila kitu.

"Mlete," nikasema. "Nitakuonyesha tumbo lake mpaka ndani, na utarudi naye akiwa na miguu yake yote sita."

Alifika Alhamisi asubuhi kwa basi la kwanza, amevaa koti lake la heshima. Malkia alikuwa kwenye mfuko wa shati, ndani ya kijisanduku cha mbao alichokichonga mwenyewe, chenye wavu upande mmoja na vibarua watano wa kumlisha njiani. Mlinzi wa getini akamuuliza amebeba nini. Mjomba akasema, malkia. Mlinzi akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Haya, na mimi ni mfalme, andika jina hapa upite."

Nilikuwa nimejiandaa. Daktari wa Nzi aliniazima mtungi wa gesi ya kulazia wadudu. Huyu ni mtaalamu wa ghorofa ya kwanza, na tangu aajiriwe hajashughulika na kitu kingine zaidi ya nzi wa matunda. Aliniuliza mtungi ni wa nini. Nikamwambia kuna nyuki nataka alale kidogo. Akasema sawa, usisahau kuurudisha. Hakuuliza zaidi, nami sikueleza zaidi. Mara nyingi nimeyarudia mazungumzo yale kichwani. Yalikuwa ya sentensi tatu tu, na sentensi ya nne ingetuokoa sote.

Malkia alilala. Nilimweka kwenye kijibomba, nikamzungushia pamba kwa mkono mwepesi kuliko ninavyowashika wale wa spiriti, nikaacha mpira wa gesi upitishe kidogo kidogo. Mjomba alisimama nyuma yangu kama mzazi kwenye chumba cha sindano.

"Haumii?"

"Amelala, mjomba. Kaa kwenye kiti."

Picha ya kwanza ilikuwa ya haraka, dakika nne. Akatokea kwenye skrini. Nimeona wadudu wengi, lakini nakiri yule alinishika. Wadudu hawana mapafu. Wana mirija ya hewa inayogawanyika mpaka kwenye ncha za miguu, na kwa mdudu aliyekufa siku nyingi mirija ile huwa imeharibika. Yake ilikuwa imejaa hewa, mizima, imeenea mwili mzima. Nilimgeuza mjomba amwone kwa chini, kwa ubavu, kwa mgongo. Nikamkata slesi mpaka nikafika nyuma ya tumbo, na pale pakawa na kitu cha mviringo, kimezungukwa pande zote na wavu wa mirija myembamba sana.

"Hicho ndicho," nikasema.

Mjomba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hicho kidogo hivyo?"

"Hicho."

"Kimejaa?"

"Hapa bado siwezi kusema. Kwenye picha ya haraka, maji na mbegu vinafanana."

Akaniwekea mkono begani. "Basi inatosha, mama. Nimeona mambo ambayo hata marehemu hakuyaona. Mrudishe kwenye sanduku lake, tutasubiri mvua."

"Ngoja," nikasema.

Kuna programu niliyoihifadhi kwenye mashine ile miaka mingi, ya kutofautisha vitu vinavyofanana: miale mikali, mwendo wa polepole, dakika arobaini. Mkono wangu unaijua bila macho kusaidia. Niliibonyeza. Sikuwaza lolote, na hapa nasema ukweli wangu wote, sikuwaza. Nilikagua kama malkia amekaa wima. Nilikagua gesi. Nilikagua mlango, kwa sababu miale ile ni hatari kwa mtu aliye nje, na kuna sheria, na kuna taa nyekundu, na mimi ndiye ninayewafundisha wageni sheria zile. Aliye ndani sikumfikiria. Aliye ndani, kwa miaka kumi na miwili, hajawahi kuwa na cha kupoteza.

Tulikaa kwenye korido tukanywa chai. Mjomba alinisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akiongea na nyuki wake, akiwasema kama wake wenza, kwamba ni wavivu, kwamba wa jirani wanaleta asali zaidi. Tulicheka sana. Dakika arobaini zilipita upesi.

Picha ilipokamilika sikuhitaji hata kumweleza. Katikati ya ule wavu, kifuko kilikuwa kimejaa pomoni, kizito, cheupe kuliko kila kitu kilichokizunguka. Nimeona picha za vifuko vitupu. Vinakaa kama maji. Hiki hakikuwa maji. Nikasema, "Mjomba, huyu alipata madume wa kutosha. Amejaa. Picha haidanganyi."

Mjomba wangu si mtu wa kulia. Kwenye mazishi ya mkewe alikuwa ndiye anayewatafutia wengine viti. Lakini pale alikaa, akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikasimama kando yake najiona mtu wa maana kabisa katika ukoo wetu. Nikamtoa malkia kwenye kijibomba. Baada ya dakika chache akapapasa, akasimama, akatembea kwenda kwa vibarua wake, nao wakampokea. Nilimchapia mjomba picha kubwa ya rangi. Aliikunja? Thubutu. Aliishika mkononi imenyooka mpaka kituo cha basi.

Baada ya chakula cha mchana nilipanda ghorofa ya kwanza kurudisha mtungi, na nakala ya picha nikaibeba, kwa majivuno tu. Daktari wa Nzi aliishika karibu na dirisha. Alisifia mirija. Alisifia kifuko. Halafu akauliza, "Ulimpata wapi mzima hivi? Amekufa lini?"

"Hajafa. Yuko kwenye basi anarudi kwao."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Dakika ngapi?"

"Nne. Halafu arobaini, ile programu ya polepole."

Aliweka picha mezani taratibu. Ukutani nyuma yake kuna bango kubwa la mradi wake, ambalo nimelipita kila siku na kuwaeleza wageni mara nyingi kuliko yeye mwenyewe. Wanawalea nzi wa matunda kwa maelfu, wanawapiga miale, miale jamaa na ile ya mashine yangu, kisha wanawaachia mashambani. Nzi wale wanatembea. Wanaruka, wanakula, wanapandana na nzi wa porini. Mayai yanatagwa kama kawaida, ila hayaanguliwi, na ndivyo wakulima wanavyopunguziwa nzi. Mimi ndiye niliyewapiga picha nzi wale kwa ajili ya bango lile.

"Nilikuwa najua," nikasema. "Nilikuwa najua hili jambo."

"Labda," akasema. "Nyuki si nzi. Kipimo sijui kilikuwa kiasi gani. Siwezi kuapa."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Ni mtu mpole, lakini hakunificha. "Ningekuwa mimi nisingempiga," akasema.

Nilimpigia mjomba simu. Alikuwa ameizima, kama anavyofanya safarini kutunza chaji. Nilipiga tena jioni, ikaita, akapokea, akaanza yeye kwanza: malkia amefika salama, nyuki wamempokea, picha ameshaibandika ukutani juu ya meza, jirani wa bondeni amekuja kuiangalia na amesema hajawahi kuona kitu kama hicho. Nikajiambia labda. Daktari alisema labda. Neno labda ni godoro, ukilalia hutaki kuamka. Nikamwambia mjomba nashukuru amefika.

Jumapili mvua ikanyesha. Jumatano mjomba akanipigia nikiwa kazini.

"Mayai, mwanangu. Kaanza jana, leo ndio usiseme, kila tundu lina yai. Nimezungushia njiti za kiberiti kipande cha kwanza kabisa, nione watoto wake wa mwanzo."

"Hongera, mjomba," nikasema.

Hongera. Nilikata simu, nikaenda chooni, nikafungua bomba ili wenzangu wasisikie, nikalia mpaka kichwa kikauma. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi niliyemchelea alikuwa mzee wa miaka sabini na mbili, na bado ilikuwa vile vile. Yai la nyuki huanguliwa siku ya tatu. Nilihesabu Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Hakunipigia. Jumapili nikapanda basi.

Nilimkuta kwenye karakana yake, anapiga randa fremu mpya za mzinga. Alikuwa ameshatengeneza nane. Alifurahi kuniona kiasi kwamba nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba aketi. Hakuketi. Nikamwambia hivyo hivyo amesimama, yote, tangu mtungi wa gesi mpaka bango la Daktari wa Nzi, na kwamba nililijua jambo hili siku ile ile kabla basi lake halijafika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akapangusa mikono, akaenda ndani ya nyumba, nikamfuata. Akasimama mbele ya ile picha.

"Hiki ni nini?" akaniuliza, kidole kwenye kifuko.

"Kifuko cha mbegu."

"Kimejaa au hakijajaa?"

"Kimejaa, mjomba, lakini mbegu zenyewe..."

"Hizo mbegu zimeharibika, unaziona hapa?"

"Hapana. Haionekani kwenye picha. Hakuna picha inayoweza kuonyesha hilo."

"Basi," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema haidanganyi. Daktari wako amesema labda. Mimi nina mayai. Umechoka na safari, nitakuwekea maji ya kuoga."

Nilijaribu tena. Nilimweleza tofauti ya kuona kitu na kuona uzima wake. Aliniitikia kama anavyoitikiwa mtoto mwenye homa. Picha yangu mwenyewe ilikuwa ukutani inanitolea ushahidi kinyume, nzuri, isiyo na ukungu, na mimi niliyeipiga sikuwa na neno la kuishinda. Mwishowe nikasema, "Twende tukaangalie zile njiti, basi."

Tulivaa. Alinipa kofia ya marehemu, yeye akavaa mpya. Akapuliza moshi kidogo mlangoni, akafunua mzinga, akavuta fremu ya katikati polepole, nyuki wamening'inia juu yake. Njiti nne za kiberiti zilikuwa zimechomekwa kwenye nta, kama uzio. Akaligeuza sega jua liingie kwenye matundu, akainama.

Alikaa ameinama muda mrefu. Nilidhani haoni vizuri.

"Yamesimama," akasema.

Sikuelewa. Mimi nawajua wadudu kwa ndani. Kwa nje alikuwa akiwajua yeye. Akanieleza bila kuniangalia, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinifundishia kupigilia msumari. Yai likitagwa leo husimama wima. Kesho huinama. Siku ya tatu hulala, kisha mtoto anatoka. Ndani ya njiti zile, siku ya tano, palitakiwa kuwe na watoto wanene waliojikunja kwenye maziwa ya nyuki. Palikuwa na mayai yamesimama, mapya, ya leo.

"Wanayatoa," akasema. "Yakishindwa kuanguliwa, wanayatoa, wanasafisha tundu. Na yeye anapita anataga tena. Mimi kila asubuhi nilikuwa nayaona mayai nikasema, anajitahidi."

Akatazama fremu nyingine, na nyingine. Kila mahali ilikuwa vile vile. Kisha tukamwona malkia mwenyewe, mrefu, mwekundu kidogo, anachungulia tundu, anageuka, anaingiza tumbo, anatulia, anatoa, anasogea tundu la pili. Nyuki walikuwa wakimpisha njia. Alikuwa mzima wa afya. Miguu yote sita.

"Mjomba," nikasema, "nisamehe."

Akauliza, "Nisingemleta, angetaga tu?"

Nilijua lazima aulize. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nikitafuta jibu la kumpunguzia, na nilikuwa nimepata mawili au matatu. Yote yalinitoka.

"Ndiyo," nikasema. "Angetaga. Alikuwa amejaa. Alikuwa anangoja mvua tu."

Akatikisa kichwa taratibu, kukubali. Angenitukana ningeshukuru. Angenipiga na ile randa ningeshukuru zaidi. Alirudisha fremu moja moja kwenye nafasi zake, kwa mpangilio, bila kumbana nyuki hata mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama pale na kofia ya Mama Nyuki kichwani kama mwizi.

Hakukuwa na dawa. Nyuki wangeweza kujilelea malkia mwingine kama wangekuwa na mtoto hata mmoja mchanga wa uzao ule, na hawakuwa naye. Jirani wa bondeni angeweza kuwapokea vibarua hawa kwenye mzinga wake, wakamalizia siku zao wakilea watoto wa wengine kuliko kusafisha matundu mpaka wafe. Hilo ndilo pekee lililobaki. Mjomba alimpigia simu pale pale bustanini. Hakumweleza sababu. Alisema tu, "Nimeshindwa, njoo uwachukue vibarua wangu," kisha akasikiliza kidogo, akasema, "Leo hii, ndiyo."

Akaweka simu mfukoni. "Malkia wawili hawakai mzinga mmoja," akaniambia. "Huyu lazima aondolewe kwanza."

"Ndiyo."

"Mimi siwezi." Alikuwa anaangalia miguu yake. "Fanya wewe. Wewe umezoea waliokufa."

Hakusema kwa ubaya. Namjua mjomba wangu, alisema kama mtu anayemwomba fundi afanye kazi ya ufundi. Nilivua glovu ya mkono wa kulia. Nikamtafuta malkia kwenye fremu ya tatu, nikamkuta tumbo liko ndani ya tundu, anataga. Nikasubiri amalize. Sijui kwa nini nilisubiri. Alipotoka nikamshika kwa vidole viwili, kifuani, na nikabana, na nilihisi pale alipovunjika. Vibarua wawili walinichoma kwenye kiganja. Sikuwaondoa.

"Tayari?" mjomba akauliza. Alikuwa amegeukia upande wa nyumba.

"Tayari."

Nilikuwa nimemlaza kiganjani, na mkono wangu wa kushoto, wenyewe bila kuutuma, ulikuwa umeshaingia mfukoni unatafuta kichupa. Mjomba akageuka akaniona. Akanyoosha mkono wake wazi mbele yangu.

"Usiende naye kazini, mwanangu," akasema.

Nikamwambia siendi naye. Nikampa.